Mtani Hanuni

Juzi nimewamwagia kuku bakuli zima la michembe, na kuku wenyewe hawakuwa wangu. Naanza na hilo kwa sababu litasemwa tu, mtaa wetu huu wa Kahama haujui kufunga mdomo, na afadhali mlisikie kwangu. Jirani mpya, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimtuma mwanawe aniletee bakuli lililofunikwa kwa sahani. Mtoto akasimama mlangoni akasema kama alivyofundishwa: "Mama kasema shika, mtani, ule na wewe unenepe." Nikafunua. Mvuke wa viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikachemshwa na karanga za kutwanga, ukanipiga usoni, na mimi, mwanamke mzima mwenye cherehani yake na watoto wawili, nikaingiwa na shaka. Kwa nini mimi? Kwa nini leo? Kajuaje kwamba mimi ni Mzaramo, nami hapa mtaani sitoki, safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi jikoni? Nikazunguka nyuma ya nyumba nikamwaga. Kuku wa jirani huyohuyo wakaja mbio, na yeye mwenyewe akatokea kufuata bakuli lake, akawakuta wanagombania. Akawatazama kuku, akanitazama mimi. Akasema, "Eh." Basi. Hakuongeza neno, na mpaka leo sijui ile "eh" ilikuwa na maana gani, ingawa nimeichambua kila nikikaa kwenye cherehani.

Chakula hakina kosa, nakubali. Ila kuna watu wa rika langu wanaosikia kengele ya shule wakasisimka, na kuna wengine wakiona fimbo ya mpera wanafunga macho. Mimi ni harufu ya karanga kwenye michembe, na neno moja: mtani. Hivyo viwili vikija pamoja, akili yangu inaondoka Kahama inarudi Segese, kidato cha kwanza, naanza tena kupeleleza nani kasema nini.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ameambiwa kwamba kule kwenye dhahabu makarasha, zile mashine za kusaga mawe, huvunjika kila siku, na fundi anayejua kazi yake halali njaa. Tukapanda basi kutoka Pwani, baba, mama, mimi na mdogo wangu Hamisi, tukashuka Segese tukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mizigo yetu ilikuwa magodoro, mashine ya kuchomelea, na gunia la nazi ambalo mama hakuruhusu mtu yeyote kulikalia. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya Mama Minza.

Mama Minza alikuwa Msukuma wa hukohuko, mjane, muuza karanga na michembe kando ya barabara inayoelekea mgodini. Siku tuliyofika alimuuliza baba tunatoka wapi. Baba akasema Uzaramo. Mama Minza akaweka mikono kiunoni.

"Mungu wangu! Watani wamenifuata mpaka kwangu! Wazaramo hawa, ngoma mchana, ngoma usiku. Nani atawafundisha kushika jembe?"

"Sisi tumekuja kuwafundisha ninyi kuoga," baba akamjibu, uso mkavu.

Nilishika sketi ya mama nikisubiri vita. Badala yake wakacheka mpaka wakashikana mikono, na jioni ile Mama Minza akatuletea ugali na mlenda. Mama akanieleza kwamba Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu zile enzi babu za Wasukuma walipokuwa wakishuka Pwani na mizigo ya watu vichwani. Mtani anaweza kukusema mbele ya mkweo. Anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku wako. Wewe huruhusiwi kununa. "Ukinuna," mama akasema, "umeuvunja utani." Hakusema ukiuvunja inakuwaje. Mimi nikajaza mwenyewe: nilifikiri mtu anavimba tumbo.

Halafu akafa Mjomba Salehe. Alikuwa ametufuata kutoka Pwani kutafuta riziki, akaugua kifua, akatutoka mapema. Nyumba ilikuwa imejaa vilio, watu wamekaa kwenye mikeka, mama amejifunga kanga kichwani na sauti imemkauka. Jeneza lilipoinuliwa, Mama Minza akajitupa mlangoni. Akakaa pale amenyoosha miguu, kichwani amevaa kofia ya Mjomba Salehe, akaanza kukohoa. Alikohoa vilevile alivyokuwa akikohoa marehemu, kile kikohozi cha mafungu mafungu chenye mluzi mwishoni.

"Hapiti mtu hapa," akasema kati ya kikohozi. "Huyu Mzaramo kala michembe yangu mwezi mzima, hata asante hakusema. Nipeni kuku wangu ndiyo apite!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamtazama mama, nikijua sasa atamrukia. Mama alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka na anacheka, amejishika mbavu, na wanawake wote wanacheka, na baba kashika ukingo wa jeneza mabega yanamtikisika. Kuku akaletwa, Mama Minza akampisha marehemu. Baada ya hapo mama akaweza kula uji kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Mtu mzima angeelewa alichokifanya Mama Minza pale. Mimi nilikuwa na miaka yangu kumi na kitu, nikajifunza somo langu hivi: mtani akikuumiza, cheka. Ukilia, cheka huku unalia. Hiyo ndiyo adabu ya Mzaramo. Na somo hilo nikalibeba kwenda nalo sekondari kama lilikuwa sehemu ya sare.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya makarasha. Vumbi jeupe la mawe lilikuwa linatua kwenye madirisha, na mwalimu alipokuwa akifundisha ilibidi ashindane na mngurumo. Darasa zima walijuana tangu shule ya msingi, na wakiwa nje ya macho ya mwalimu waliongea Kisukuma. Mimi nilikuwa na Kiswahili changu cha Pwani kinachovuta maneno mwishoni, na chupa ya mafuta ya nazi kichwani. Siku ya pili tu msichana mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma akaninusa.

"Jamani," akasema, "huyu ananukia nazi. Bhebhe, wewe ni Mzaramo?"

Nikasema ndiyo, na nikafurahi kwamba kuna mtu kaniuliza kitu.

"Mtani wetu!" akapiga kofi. "Wasichana, tumeletewa mtani!"

Huyo alikuwa Kabula. Mrefu, meno meupe, Kisukuma chake kinakwenda kama maji ya bomba. Jina langu lilikufa hapohapo, nikawa Nazi. "Nazi, leo umekunwa?" "Nazi, tui lako liko wapi?" Walinipiga kifutio cha chaki kichwani unga ukashuka, hilo ndilo tui. Nami nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa, na mwanzoni hata nilijibu, nikasema Wasukuma mnakula michembe mpaka mnafanana nayo. Wasichana wengine wakacheka, mmoja akanipa hata mkono. Kabula hakucheka. Alinitazama kidogo, kama mtu anayepima kitambaa, na kesho yake ndoo yangu ya maji ikapigwa teke bombani.

Mwishowe niliacha kujibu, maana kila nilipojibu kitu changu kilipotea. Daftari la jiografia nililikuta chooni. Andazi alilonifungia mama nililifungua nikakuta limejazwa mchanga, limefungwa tena vizuri kwa uangalifu, na uangalifu ule ndio ulionitisha. Walinisubiri kwenye njia ya mkato nyuma ya makarasha, mahali ambapo hata ukipiga kelele mashine inakushinda. Nikinyamaza walisema, "Mbona unanuna? Mtani hanuni." Basi nacheka. Nilikuwa nafika nyumbani mashavu yananiuma kwa kucheka.

Neema, niliyekaa naye dawati moja, aliwahi kuwauliza wenzake wakiwa wanafagia uwanja, nami nipo upande wa pili wa ukuta na ufagio wangu.

"Lakini hatumwonei kweli?"

"Kuonea ni kumpiga mtu," mmoja akajibu. "Nani kampiga?"

"Sasa lile andazi?"

"Utani huo. Angekuwa anaonewa si angesema? Mbona anacheka?"

"Halafu kwao ndivyo walivyo," Kabula akamalizia. "Mzaramo usipomtania anaumwa."

Wote wakaona hiyo ni hoja. Na mimi, nyuma ya ukuta, nikaona ni hoja pia. Siku mwalimu wa darasa alipokuta sketi yangu imelowa matope akauliza kuna nini, darasa lilijibu kwa kwaya: "Utani, mwalimu! Ni Mzaramo!" Mwalimu naye alikuwa Msukuma. Akatabasamu, akasema, "Aa, watani. Haya, fungueni ukurasa."

Lakini kilichonikosesha usingizi si matope. Kabula alikuwa anajua mambo ya nyumbani kwetu.

Ilianza kama mchezo. Siku moja bombani akawaambia wenzake, "Mama yake akikuna nazi anafunga mlango, majirani wasiombe." Ilikuwa kweli. Gunia lilikuwa linakaribia kwisha na mama alikuwa anafunga mlango. "Anaikalia mbuzi," akaendelea, na wasichana wakashangaa, mbuzi gani tena wa kukaliwa? Kwa raha zake zote Kabula akawaeleza kibao cha kukunia nazi kilivyo, ulimi wake wa chuma wenye meno, na namna mtu anavyokaa ubavu asiikate kanga. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona. Siku nyingine akasema, "Jana mmekula bada, baba yako kalamba vidole mpaka kiwiko." Bada ni ugali wa muhogo wa kwetu, na jana yake tulikuwa tumekula bada, na baba alikuwa amelamba vidole.

Nani alikuwa anapeleka habari? Hapo ndipo nilipokuwa mpelelezi, kazi ambayo, kama kuku wa jirani walivyoshuhudia, sijastaafu. Nilianza na Hamisi, kwa kuwa Hamisi alikuwa anauzika kwa kipande cha muwa. Nikamwambia kwa siri kwamba baba amepata kazi mgodini na tutanunua gari. Neema nikamwambia kwamba mimi naogopa vyura. Mama Minza, huku nikimsaidia kuchambua karanga, nikamwambia kwamba nyumbani tunakunywa chai ya chumvi. Kila mtu uongo wake. Kisha nikakaa kusubiri uongo upi utafika shuleni. Hakuna uliofika. Kabula aliendelea kuleta ukweli mtupu, na mimi nikahitimisha kwamba msaliti wangu ni mjanja kuliko nilivyodhani, tena kajua kwamba ninamtega. Nilianza kula nimeupa mlango mgongo. Nilikuwa nanong'ona hata nikiomba chumvi. Mama akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa.

Kisha likaja lile la wasichana, lile ambalo kwetu Uzaramo halipiti kimyakimya. Siku ilipofika mama akaniweka ndani. Si kama zamani, wakati mwali alikuwa anafungiwa miezi na miezi. Zilikuwa siku chache tu nyuma ya pazia, shuleni ikasemwa nina malaria. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa somo yangu, akanifunza yale ya kufunzwa: usafi, heshima, sauti ya chini, usimkodolee macho mtu mzima. Ninakiri kwamba zile ni siku nilizofurahi kuliko zote za mwaka ule. Hakuna bomba, hakuna njia ya mkato, naletewa chai kitandani. Kama utu uzima ndio huo, nikasema, mimi nimeukubali. Mtu wa nje aliyejua alikuwa mmoja, Mama Minza, maana huwezi kumficha mwenye nyumba.

Nikarudi shuleni. Sikuwa nimefika hata kwenye mlango wa darasa.

"Mwali katoka!" Kabula akapaza sauti. Akaanza kupiga makofi ya taratibu, makofi ya ngoma hasa, si ya kubahatisha. "Mwali katoka ndani! Inamisha macho, mwali, somo yako anakuona!"

Wengine walipiga makofi bila kujua wanapigia nini, wavulana nao wakadaka neno, na mpaka saa ya mapumziko shule nzima ilikuwa inaniita Mwali. Siku hiyo sikucheka. Nilitafuta kicheko nikakikosa. Niliondoka kabla ya kengele, nikapita barabara kuu mchana kweupe, nikafika nyumbani nikaingia nyuma ya lile pazia, nikamwambia mama sirudi tena. Nikamweleza yote kuanzia daftari la chooni. Nilitegemea atasema mtani hanuni. Hakusema hivyo. Aliuliza swali moja tu.

"Kajuaje?"

Tukatazamana. Wote wawili tukageuza macho kwenye ukuta wa upande wa Mama Minza.

Mama yangu si mtu wa kugomba. Aliuchukua ungo wa Mama Minza uliokuwa kwetu, ungo ambao siku zote ulirudi na chochote, hata kama ni maandazi mawili au ndimu, akampa Hamisi aurudishe mtupu. Aliyezaliwa na watu anajua ungo mtupu unasema nini. Asubuhi Mama Minza akasalimia, "Mwangaluka, mtani!" Mama akapita na ndoo yake kama aliyesalimiwa ni ukuta. Nyumba ikawa nzito. Baba alijaribu kuleta mzaha, mama akamwangalia, baba akakumbuka kwamba kuna chuma amekiacha motoni. Mimi nikabaki ndani siku baada ya siku, na ikaanza kusemwa kwamba huenda nirudishwe Pwani kwa shangazi, shule nitaiona hukohuko mbele ya safari. Shangazi alikuwa na watoto sita na hakuwa na mfanyakazi. Hata mimi, na upelelezi wangu, niliona kwamba huko hakuna daftari linalonisubiri, kuna masufuria.

Mama Minza alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake, ambao haukuwa mkubwa. Alasiri moja aliingia uani kwetu na ungo kichwani, akaubwaga miguuni kwa mama.

"Mama Hamisi. Nimekuibia nini?"

"Hujaniibia."

"Nimekuua nani?"

"Mama Minza, maneno ya ndani ya nyumba yangu yamefika shuleni. Mwanangu kaimbiwa mwali mbele ya wavulana. Aliyejua ni wewe."

Mama Minza akafungua mdomo akaufunga. Hilo lilikuwa jambo geni, nikachungulia nje ya pazia nilione.

"Kaimbiwa na nani?" akauliza.

"Na Kabula," nikajibu mimi. "Wa kwa Masanja, pale wanapolala malori. Ni Msukuma mwenzako. Anajua bada, anajua mbuzi, anajua kila kitu. Unamwambia wewe."

Mama Minza alinigeukia. Halafu akakaa chini pale uani, miguu imenyooka, akaanza kucheka, na hakikuwa kicheko chake cha kila siku.

"Kabula wa Masanja. Msukuma mwenzangu!" Akajipangusa uso. "Mtoto huyu, hivi hukujiuliza? Yule ni Mwajuma. Mama yake ni Mzaramo wa Maneromango kama ninyi, alishushwa na lori hapo barabarani na kachanga kake mgongoni, akaja kupikia wachimbaji. Masanja akamuoa, mtoto akapewa jina la huku. Mimi ndiye niliyempa yule mama ndoo yake ya kwanza ya maji. Nazi anakuna, bada anapika, mlango anafunga, mwali anamweka ndani. Anajua ya kwenu kwa sababu ni ya kwao!"

Mama akakaa chini naye. Kisha akauvuta ule ungo taratibu, akaingia ndani, akatoka nao umejaa mihogo yote tuliyokuwa nayo ndani. Mama Minza akaipokea akasema mihogo ni myembamba kama vidole vya Mzaramo. Wakamaliza hivyo. Kesho yake nikarudi shuleni.

Sikuwa nimekwenda kusoma, nisiwadanganye. Kabula alikuwa bombani. Alipoona nakuja akatengeneza uso wake, wenzake wakajipanga kusikia. Nikamwinamia sikioni nikasema, kwa ile sauti ya chini niliyofunzwa, "Mwajuma, Maneromango hawajambo?"

Ndoo ilimtoka mkononi. Maji yakatulowesha miguu wote wawili, na hakuna aliyecheka.

Alinifuata nyuma ya jiko la shule wakati wa mapumziko, peke yake. Bila wenzake alionekana mfupi.

"Nani kakwambia?"

"Nimejua tu."

"Utasema?"

Nikamwacha asubiri, maana nilikuwa naona raha.

"Usiseme," akasema. "Wataanza."

"Wataanza nini?"

"Si unajua." Akachora chini kwa kidole cha mguu. "Miaka yote kabla hujaja nilikuwa natetemeka. Walikuwa wanatafuta mtu. Ulipoingia na mafuta yako ya nazi kichwani, nilimshukuru Mungu, nakwambia kweli."

Nilimsikia. Maneno yale nimeyaelewa baadaye sana, nikiwa nashona, mguu ukasimama kwenye pedali. Siku ile niliyaweka mfukoni kama mtu aliyeokota kisu.

Tangu hapo Nazi akafa, na Mwali akafa. Asubuhi nilikuta zamu yangu ya kufagia imeshafagiliwa. Ndoo yangu ilikuwa inajaa maji kabla sijafika bombani. Kabula alinimenyea muwa, na akawa haketi mpaka aone mimi nimeketi wapi. Darasa likapata shughuli mpya ya kulitafutia jambo hilo sababu. Wengine walisema Wazaramo wana dawa, nimemfunga Kabula kwenye chupa. Wengine walisema hapana, wamepatana, si watani hao? Neema peke yake aliniuliza, "Umemfanya nini?" nami nikamwambia, "Utani tu." Nikaliona neno lile lilivyo tamu likitoka upande wangu.

Na Kabula alikuwa ananiangalia. Nikicheka na mtu, anageuka. Nikimnong'oneza Neema habari ya hesabu, kule nyuma kalamu inasimama. Nilipogundua hivyo nikawa nanong'ona hata nisipokuwa na la kusema. Siku moja nilipita karibu na dawati lake nikaimba polepole, "Mane, Mane," bila kuimalizia Maneromango, nikaendelea na safari yangu, na alasiri ile akanibebea madaftari mpaka kwenye barabara kuu, jua la saa tisa, jasho linamtoka, bila kuambiwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Minza. Alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango wake anachambua karanga, michembe inatokota jikoni, uani kote kunanukia. Nikasimama mbele yake nikamsimulia utani wangu wote, maji, muwa, madaftari, namna Kabula anavyoruka nikikohoa tu. Nikakohoa kumwonyesha. Nilitegemea acheke, kwani yeye ndiye aliyenipa ile habari, nikaona ni kama tumeshinda pamoja. Mikono yake haikusimama. Aliokota karanga mbovu, akaitupa pembeni, akainua uso.

"Unaniambia utani, na mtoto wa watu anatetemeka akikuona? Basi Kabula wa sasa ni wewe. Ondoka hapo, unanikinga jua."